Madam wa Tope

Jumatatu, 7 Julai
Tofali leo zimetoka safi, kama mimi mwenyewe. Baridi ya kiwandani Bonga imenigandisha vidole, bado nimefyatua kumshinda mwenzangu Saidi. Na yeye ana ndevu.

Narudi nyumbani Nangara, nakuta msiba bila maiti. Dada Neema katoka kliniki na Eliya. Mtoto kapungua tena. Ana miaka mitatu, dume zima, anaishi kwa uji wa chupa. Kijiko anatema. Ugali ukimgusa kidole analia kama kachomwa na pasi. Nesi kasema akizidi kupungua atalazwa. Dada analia. Nikasema kamdekeza mno. Nimefukuzwa jikoni.

Jumanne, 8 Julai
Mwalimu wa chekechea ya mtaani kaja. Viatu vyeupe kwenye vumbi la Nangara! Akili hiyo. Eti Eliya achezee tope. Na maji, na unga, na mbaazi. Mikono ikizoea kushika vya laini na vya kukwaruza, mdomo nao utaacha kuogopa. Eti akili ya mtoto inaingilia vidoleni. Nilicheka mpaka chai ikanipalia.

"Madam, mimi nakanyaga tope tangu niache kidato cha pili. Mbona sijawa daktari?"

"Labda ulichelewa kuanza, mdogo wangu."

Mama akacheka. Mama yangu mzazi! Simpendi huyu mwanamke.

Alhamisi, 10 Julai
Beseni la mbaazi uani, siku ya pili. Eliya analitazama kama lina nyoka. Madam kasema asilazimishwe, asogee mwenyewe. Kazi nzuri hiyo, kukaa unatazama beseni. Kuku wamemaliza mbaazi zote. Elimu imewafaa kuku.

Ijumaa, 11 Julai
Dada kaenda sokoni, Mama yuko shamba. Nimeachiwa mtoto. Nikaenda naye Bonga, nikamkalisha juu ya gunia na chupa yake.

"Heee, mjomba kawa yaya!" Saidi huyo. Ndevu zote, utani wa kitoto.

Nikashuka kuchota maji. Kurudi, gunia tupu. Eliya kachuchumaa kwenye tofali mbichi. Kila tofali ina shimo. Anabonyeza kwa kidole gumba, anachungulia, anahamia nyingine. Mstari wa kwanza wote, wa pili nusu. Tope mpaka kwenye viwiko. Na halii.

Nilitaka kumzaba. Mkono ulishapanda. Akaniinulia kidole chake.

"Mjomba, baridi."

Akacheka. Yule mtoto hachekagi. Nikashusha mkono, nikamwambia amalizie mstari. Saidi kasema nimerogwa.

Jumamosi, 12 Julai
Tajiri, mwenye kiwanda, kaziona tofali za mashimo. Nikamwambia ndiyo mtindo wa Arusha sasa hivi. Hakuamini, mshamba yule. Nimefyatua upya mistari yote miwili. Mgongo umekufa.

Jioni Madam kapita kumjulia hali Eliya. Dada kamsimulia habari ya tope. Basi akatabasamu kama yeye ndiye kaleta mvua. Nimemkumbusha tope lilikuwa langu. Beseni lake lilinenepesha kuku. Akasema, "Asante kwa vifaa, mwalimu msaidizi." Mama kacheka tena. Nyumba hii imenisaliti.

Jumapili, 13 Julai
Tumetoka kanisani. Ugali na maharage. Eliya kaja kukaa ubavuni kwangu, chupa mkononi. Nikamega tonge, nikalibonyeza kwa gumba kufanya kishimo cha kuchotea, kama kila mtu. Akakitazama kidole changu.

Akaweka chupa chini. Akachomeka gumba kwenye ugali wangu. Shimo. Akachungulia. Shimo lingine. Mama alimshika Dada mkono asije akaropoka.

Akamega. Tonge baya, limepinda, tofali kama hiyo ningeivunja. Akalibonyeza, akachota maharage. Nusu yamemwagika kwenye suruali yangu ya kanisani. Nusu yameingia mdomoni. Akatafuna. Akameza. Akamega tena.

Madam asiambiwe leo. Atavimba kichwa. Kesho, labda.

Nikamsogezea sahani. Alipomaliza, ugali uliobaki ulikuwa mashimo matupu. Nimeshinda njaa.

Poa tu.