Bluu ya Sebuleni Niliichagua Mimi

Mke mwenzangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Barua hii siifungi kwa gundi. Mwanao Salma anayekuletea huko Rubwera ana ruhusa ya kuisoma, na akitaka kumsomea dereva wa bodaboda njiani, sawa. Lile jambo lilisemwa mbele za watu, basi na hili liwe mbele za watu. Usishangae nikikuita mke mwenzangu na talaka yako ina miaka kumi na moja. Nimetafuta jina jingine, sikulipata.

Naandika nimesimama, karatasi iko juu ya kabati. Kukaa siwezi. Tangu alfajiri nimefagia sebule hii mara tatu na hakuna aliyeichafua. Kila nikiandika mistari miwili nakwenda ukutani kutazama kama kiraka kimekauka.

Mwanao amekwisha kukwambia kwamba Jumamosi wanakuja kumposa. Watapokelewa hapa hapa Bugene, sebuleni. Kwenye kikao cha familia wametajwa shangazi, wametajwa majirani, wewe hukutajwa, na mimi nilikuwa nimekaa pale pale nikapiga kimya. Wiki iliyopita fundi wa umeme akachimba ukuta kupitisha nyaya, akaziba kwa saruji, akaenda zake. Sasa kuna makovu ya kijivu kutoka dirishani hadi mlangoni. Nikasema si shida, nachanganya bluu ile ile. Mwenzangu! Nimechanganya mara nne. Ya kwanza imetoka kama sare ya shule, ya pili kama chandarua, ya tatu na ya nne sitaki hata kuzisema.

Wewe uliiwezaje? Mume wetu alikuwa amekwenda Mwanza kufuata mzigo wa duka, akatuachia ndoo ya rangi nyeupe na amri kwamba akirudi akute nyumba nyeupe. Wewe ulishafunga kitambaa kichwani, tayari kuanza. Mimi ndiye niliyesema, "Nyeupe, nyeupe, kwani hapa ni hospitali?" Mimi ndiye niliyetembea hadi Kayanga kununua vile vichupa vya rangi ya kuchanganyia. Nilikuwa nimeiona bluu moja nyumbani kwa mwalimu fulani, bluu ya katikati, haikufifia na haikuwa nzito, na tangu siku hiyo nilikuwa naiota. Ukaniambia kwa Kinyambo chetu kile cha jikoni, "Dada, huyu mtu atatufukuza." Nakumbuka vizuri. Ulisema atatufukuza, sote wawili.

Ukadondosha tone kwa tone, ukakoroga kwa kijiti cha mti wa kahawa, ukajipaka kidogo ndani ya mkono, karibu na kiganja, ukakaa kitako. Mimi nilitaka tupake palepale. Ukasema, "Rangi mbichi inadanganya, dada. Iache ikauke." Nilikuona unanichelewesha tu. Siku ya pili, ulipokwenda kumchukua Salma shuleni, rangi ikaniishia nyuma ya mlango. Nikashindwa kukungoja, nikachanganya yangu. Uliporudi ulicheka mpaka ukakaa chini. Tukasukuma kabati hili likakifunika kile kipande, tukatundika mapazia yako ya njano, tukatandika vitambaa vyangu vya kufuma kwenye makochi. Jamani, vile vilivyong'aa! Nilijiona nimeolewa upya.

Fundi wa umeme amelisogeza kabati. Kipande changu kiko wazi sasa, kinanitazama.

Ya siku aliyorudi mume wetu unayajua, lakini niandike ili Salma naye ayasome. Alisimama mlangoni na mizigo, majirani nyuma yake wakimsaidia kushusha. "Mmenigeuzia nyumba baa? Hili wazo la nani?" Ukanitazama. Ulinipa nafasi, Zuhura, ulinipa nafasi ndefu kabisa. Mimi nilikuwa nimeshaoga na kujisugua. Mkono wako ulikuwa bado na bluu. Nikasema, "Mtazame mkono." Maneno mawili tu, na nikayasema huku nacheka kidogo.

Alikutukana, ukamjibu. Wiki iliyofuata akakurudisha kwenu, na kabla ya Ramadhani talaka ikaja. Najua mlikuwa na yenu mengine. Lakini mlango niliufungua mimi. Na baya zaidi ni kwamba nilifurahi. Miezi miwili nilikuwa na nyumba yangu peke yangu, na sebule niliyoitaka. Halafu Salma, na miaka yake kumi na moja, akawa kila akitoka shule ananiuliza, "Mama mkubwa, mama anarudi lini?" Nikawa namtuma kuni, namtuma maji, ili mradi asimalize swali.

Ngoja, nikatazame ukuta. Nimerudi. Haifanani.

Juzi Salma alikupigia simu akaweka sauti kubwa, akakuuliza uliweka matone mangapi. Ukajibu, "Mwambie mama yako mkubwa nimesahau." Hujasahau wewe. Nilitoka nikaizunguka migomba kama mtu aliyepoteza mbuzi.

Ndipo leo asubuhi, kwenye chai, nikamwambia mume wangu, "Baba Abdu, ile bluu niliichagua mimi. Si Zuhura." Unajua alinijibu nini? "Bluu gani?" Nikamwonyesha ukuta. Akatafuna muhogo wake, akasema, "Hii? Hii nilichagua mwenyewe."

Wallahi sikudanganyi. Wageni wamemsifia miaka na miaka, naye amepokea sifa mpaka ameamini. Mimi nimebeba jambo hili miaka kumi na moja, yeye hata hana habari! Hasira iliyonipanda sijawahi kuiona. Nikapandisha mkono wa gauni, michirizi minne ya bluu imenikaukia, nikamwambia, "Nitazame mkono basi!" Nikamweleza yote, mwanzo hadi mwisho, na Salma amesimama mlangoni na chupa ya chai. Aliiweka mezani polepole akatoka. Tangu hapo ameniambia jambo moja tu, kwamba barua ataipeleka.

Baba Abdu aliusukuma muhogo kando. Kisha akauliza, "Sasa unataka nini?" Nikasema nataka Jumamosi mama yake Salma aketi kwenye kiti kinachoelekea mlango, wageni wakiingia wamkute yeye kwanza. Akainama. "Mwite wewe," akasema. "Mimi sina uso wa kumwita."

Basi mimi nakuita. Uso na mimi sina, lakini mkono ninao, umejaa bluu. Sikuombi unisamehe kwenye karatasi. Nakuomba uje Ijumaa. Nyeupe ipo ndoo nusu, vichupa viko chini ya meza. Utachanganya wewe, na safari hii nitakaa kitako mpaka ikauke, hata kama nitakufa kwa kusubiri.

Usipokuja, sipaki kitu. Wageni wa mwanao watakaa mbele ya makovu haya ya saruji, na wakiuliza kulikoni, nitawajibu mimi, mbele ya majirani wale wale: nilimsingizia mama wa binti huyu, na rangi yake sijui kuichanganya.

Mapazia yako ya njano nilikuwa nimeyaficha sandukuni. Nimeyafua. Yako kwenye kamba sasa hivi, na upepo unayasumbua, na mimi natoka kila mara kuangalia kama yamekauka.

Njoo, waitu, wewe uliye wetu.

Mimi, mke mwenzako