Herufi Mia Mbili za Salamu

Ain Butma, Ajlun
10 Septemba 2022

Mwanangu Taghrid,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, na kwamba hospitali hiyo ya Kassel haikukamui zamu mbili mfululizo kama mwezi uliopita. Unakula? Usinijibu kwamba unakula mkate na jibini, hicho si chakula. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo nalo linakusalimu.

Najua unacheka kwamba naandika barua nzima kwenye simu na kuitia tarehe. Nimefundisha insha miaka thelathini na minne, siwezi kuanza leo kuandika kama mtu anayekimbizwa.

Sasa habari. Nimepewa ukaguzi rasmi. Mkaguzi wa kujitolea wa hifadhi ya msitu, namba thelathini na moja, na kizibao cha rangi ya chungwa juu. Abu Raji aliponiona nimekivaa akanifanya muuza gesi, akaniuliza kama nimebakiza mtungi mmoja. Ile programu uliyoniwekea kwenye simu ulipokuja likizo inafanya kazi: natembea hifadhini, nikiona kosa nabonyeza, napiga picha, naandika maelezo, natuma ofisini. Tatizo ni kisanduku cha maelezo. Kinapokea herufi mia mbili tu. Mimi naanza vizuri, "Waheshimiwa wa ofisi ya hifadhi, amani ya Mungu iwe juu yenu na juu ya familia zenu, natumai mmeamka salama na watoto wamekwenda shule," na nikisema sasa nieleze kosa, kisanduku kimejaa. Nimetuma ripoti kumi na moja. Zote wamezijibu: "Asante Mwalimu, sisi wazima, na wewe?" Ni watu wa adabu, ila hakuna aliyekuja.

Na lipo jambo linalotaka waje. Abu Raji amefungua kibanda cha chai ukingoni mwa msitu, na uzio wake unatembea. Kila wiki umesogea hatua mbili ndani ya hifadhi na hakuna aliyemwona mtu akiusogeza. Sasa umemeza miti saba ya qaiqab, ile yenye gome jekundu uliyokuwa ukiikumbatia utotoni kwa sababu ni laini. Anataka kuikata apate pa kuegesha magari ya watu wa Amman wakianza kuja kutembea baada ya mvua. Nimemsemesha mara tatu tukicheza karata. Kila mara jibu ni moja: "Tupa karata, Mwalimu." Ni mtoto wa baba yangu mdogo, na tangu mama yako afariki ndiye mtu pekee anayeingia nyumbani kwangu bila kubisha hodi. Sitaki kumpoteza, wala sitaki miti ile ikatwe. Nifanyeje?

Baba yako,
Fawwaz

*

Kassel
18 Septemba 2022

Baba yangu mpendwa,

Waalaikum salaam. Shikamoo baba, na goti shikamoo. Mimi sijambo, ninakula, na jana nilipika dengu kwa wali nikamwalika muuguzi mwenzangu wa Kireno, akala mpaka akaomba kijiko kingine.

Salamu za ripoti zako nimezisoma kwa sauti kwenye chumba cha mapumziko, nikitafsiri. Daktari mmoja ameuliza kama unaweza kumwandikia na yeye kila asubuhi.

Lakini baba, sikiliza. Ile programu si posta. Mtu wa ofisini anasoma ripoti mia kwa siku, anataka kujua nini, wapi, nani. Acha salamu zote. Sentensi tatu, kavu, basi. Huku kwa Wajerumani kila mtu anaandika hivyo. Jirani yangu wa chini, Bi Hannelore, amenishtaki kwa mwenye nyumba kwamba nimetupa chupa kwenye pipa la vioo siku ya Jumapili. Ametaja saa na idadi ya chupa. Mambo yakaisha siku ileile.

Kuhusu Abu Raji, wewe fanya kazi yako. Yeye ni mtu mzima, ataelewa. Umemwonya mara tatu, hakuna atakayesema umemvizia.

Binti yako,
Taghrid

*

Ain Butma
27 Septemba 2022

Mwanangu Taghrid,

Assalamu alaikum, na salamu kwa huyo Mreno mwenye akili. Natumai u mzima. Mimi mzima, goti vilevile.

Nimekutii. Jumatano niliandika hivi, nanukuu: "Uzio wa kibanda cha chai cha Sulaiman (Abu Raji) umeingia hifadhini mita arobaini. Miti saba ya qaiqab imo ndani. Mwenyewe anakusudia kuikata." Nilipomaliza kisanduku kilikuwa bado na nafasi, nikajihisi kama mtu aliyetoka nyumbani bila kuvaa viatu. Nikatuma hivyohivyo.

Siku ya pili wakaja walinzi wawili na gari. Siku ya pili, Taghrid. Barua kumi na moja za heshima hazikuwaamsha, maneno ishirini ya ufidhuli yakawaleta mbio. Wakampa Abu Raji karatasi ya onyo: miti isiguswe, uzio utoke. Nilikuwa naangalia kutoka juu ya ukuta na nakiri nilijisikia mkubwa.

Alasiri ile hakuja kwenye karata, wala siku zilizofuata. Nadhani tumbo linamsumbua. Zeituni zinaanza kunona, na mwaka huu zamu ni ya kuanza kuchuma kwangu halafu tuhamie kwake.

Baba yako,
Fawwaz

*

Ain Butma
15 Oktoba 2022

Taghrid,

Alhamisi waliniletea jaha, ujumbe mzima wa wazee wa kusuluhisha. Abu Raji alituma wanaume saba nyumbani kwangu wakiwa na majoho yao, mukhtari wa kijiji mbele na mfamasia nyuma, kana kwamba nimeua mtu. Nikawamiminia kahawa. Wakaiweka chini. Unajua mwenyewe mambo haya: kahawa haiguswi mpaka mwenye nyumba aseme "kunyweni kahawa yenu," na akisema hivyo maana yake amekubali walilokuja kuomba.

Wanaomba niifute ripoti.

Nikawaambia haifutiki. Programu ina kitufe cha kutuma, haina kitufe cha kutubu. Mukhtari akasema nimletee simu aone. Ikapita mkono kwa mkono, kila mmoja akivaa miwani ya mwenzake, huku kahawa inapoa. Mfamasia akasema yeye anazijua hizi, akabonyeza mahali. Ikapiga picha ya sinia la kahawa pamoja na kiatu cha mukhtari, ikaituma ofisini kama "uharibifu wa kiwango cha kati." Baada ya dakika mbili jibu likaingia: "Asante, tunafuatilia." Hapo wakakubali kwamba haifutiki.

Nikauliza, huyu mtu ana hasira ya uzio? Mukhtari akasema hapana, uzio ni mchezo tu na yeye mwenyewe anajua. Walinzi walimpa nakala ya ripoti yangu, anatembea nayo mfukoni na kumwonyesha kila mtu. Anasema, "Miaka sitini tunakula sahani moja, na ananiandika kama namba ya gari iliyoibwa. Hata salamu hakuna. Ofisi asiyoijua anaiuliza watoto wameamkaje, mimi nimekuwa Sulaiman kwenye mabano." Nikamrekebisha kwamba kilichokuwa kwenye mabano ni Abu Raji. Mukhtari hakupenda.

Na ukweli nakwambia wewe, hata kingekuwapo kitufe nisingekibonyeza. Miti ile nimekua nayo. Kwa hiyo sikusema walichotaka kusikia. Wameondoka, vikombe saba vimejaa. Haijawahi kutokea kwenye nyumba ya baba yangu. Nimevimwaga mwenyewe.

Zeituni naanza kesho, peke yangu.

Fawwaz

*

Kassel
23 Oktoba 2022

Baba yangu,

Assalamu alaikum. Shikamoo. Umelala vipi, umekula nini, goti likoje? Nijibu yote matatu.

Barua yako haikuwa na salamu. Nimeifungua kazini, nikaona jina langu limesimama peke yake pale juu, nikakaa chini kabla sijasoma. Hujaniuliza kama ninakula. Hata "baba yako" hukuandika. Sasa najua Abu Raji alihisi nini aliposoma ile karatasi, na mimi ndiye niliyekufundisha kuiandika. Kosa ni langu, baba. Nisamehe.

Nimerudi kuisoma barua ya Bi Hannelore kuhusu zile chupa. Nilikudanganya bila kujua. Ukurasa mzima wa kunishtaki, halafu mwisho kabisa, juu ya sahihi: "Kwa salamu za kirafiki." Hawa watu hata wakikufukuza nyumbani wanakusalimu. Na wiki iliyopita nilipougua mafua aliniletea supu, akaisifu mwenyewe.

Ripoti haifutiki, sawa. Lakini nani amesema huwezi kuongeza nyingine? Kama herufi mia mbili hazikutoshi, tuma kisanduku juu ya kisanduku mpaka uyamalize uliyo nayo. Kosa lile lile, miti ile ile, ila umwandike kama mtu wako.

Na usipande ngazi peke yako. Nakuomba.

Binti yako anayekula,
Taghrid

*

Kassel
13 Novemba 2022

Baba,

Assalamu alaikum. Wiki tatu. Naona programu ya ujumbe inasema ulikuwa kwenye simu leo saa nne asubuhi, kwa hiyo u hai, alhamdulillahi, lakini kujua u hai hakunitoshi. Shangazi Hiyam amenitumia picha yako uko juu ya ngazi kwenye mzeituni mkubwa, na chini hakuna mtu. Nimeikuza picha mara kumi nikitafuta mtu.

Kama umenikasirikia, niandikie kwa hasira. Nitaipokea hata bila salamu.

Binti yako,
Taghrid

*

Ain Butma
27 Novemba 2022

Mwanangu, kipenzi changu, mboni ya jicho langu, Taghrid,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh, asubuhi, mchana na jioni, na za wiki zote nilizokunyima. Natumai u mzima, mafua yameondoka, na yule Bi Hannelore mwenye supu ni mzima, naye msalimie kirafiki. Nimelala vizuri, nimekula musakhan, goti linauma. Umejibiwa yote matatu. Sikukukasirikia hata siku moja. Niliona aibu, na mtu mwenye aibu mkono wake mzito.

Picha ya shangazi yako ilipigwa mapema. Baada ya muda nikiwa palepale juu ngazi iliacha kuyumba. Nikatazama chini. Abu Raji ameishika, amenipa mgongo, anaangalia bonde.  Nikachuma mti mzima hivyo, nikashuka, akaondoka. Kesho yake tena. Siku nne tumechuma zeituni bila kusalimiana, na mimi nimechuma hata matawi yasiyo na kitu nisishuke mapema.

Siku ya tano nikafanya ulivyosema. Nilituma visanduku tisa, kimoja baada ya kingine. Ofisi wakapiga simu kuuliza kama nimeibiwa simu. Kisha nikaenda kwa mukhtari, nikamwomba wanaume walewale saba, nikavaa joho la babu yako, nikapeleka jaha nyumbani kwa Abu Raji. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kubisha hodi pale.

Akatumiminia kahawa. Tukaiweka chini. Nikasema nimekuja kuomba mambo mawili, msamaha wa salamu na uhai wa miti saba. Nikatoa simu nikamsomea kisanduku kwa kisanduku. "Waheshimiwa, amani iwe juu yenu. Nawaandikia habari za binamu yangu mpendwa Sulaiman, Abu Raji, aliyenibeba mgongoni nilipovunjika mguu nikiwa na miaka tisa. Chai yake ya maramiya haina mfano Ajlun nzima. Ndugu yangu huyu mpendwa amekosea mita arobaini." Nikaendelea. Kisanduku cha nane kilisema kwamba ile sehemu ya chini ya shamba langu la mizeituni, iliyo kando ya barabara na nje ya mpaka wa hifadhi, nampa aweke kibanda chake na magari ya watu wa Amman. Ni pale mama yako alipokuwa akianika majani ya zaatar. Nilisita hapo, mwanangu, na mfamasia akanimalizia kusoma.

 Abu Raji akatoa mfukoni ile nakala ya ripoti yangu, imechakaa kwenye mikunjo, akaipasua. Akasema, "Kisanduku cha sita umerudia neno 'mpendwa' mara mbili. Na wewe ulikuwa mwalimu wa insha." Halafu akasema, "Kunywa kahawa yako, Mwalimu, imepoa."

Nilikuwa sijawahi kunywa kahawa mbaya namna ile, na nimekunywa vikombe viwili.

Uzio umetoka. Ananiibia kwenye karata kama zamani. Kizibao anakivaa yeye tukienda msituni, anasema kinamkaa vizuri zaidi, na ni kweli. Alhamisi tulikwenda wote kukagua, tukahesabu pamoja, nikaandika ripoti. Nimekuwekea hapa uone kwamba nimejifunza kutanguliza jambo lenyewe:

"Miti saba, yote imesimama. Waheshimiwa, amani ya Mungu iwe juu yenu na familia zenu. Natumai mmeamka salama. Anawasalimu pia binamu yangu Abu Raji, yuko hapa ubavuni, anauliza kama watoto wamekwenda s"

Hapo nafasi ikaisha. Ofisi wamejibu kwamba wamekwenda.

Baba yako,
Fawwaz