Majani ya Mama

Mjambere, Kisauni

Mdogo wangu Munga,

Salamu sana. Kuku wa Mama ameangua vifaranga saba.

Ulipoyaomba yale majani ulisema ni ya Mama, utampikia dawa huko maabara umletee kwenye chupa. Nikayachuma kama tulivyofunzwa, nikilitaja jina la Mama kwa kila tawi. Jana Vivian wa jirani alinisomea taarifa ya utafiti wako kwenye simu: uliwabana panya kwenye vizimba vidogo wiki tatu ili wahangaike, ukawanywesha dawa ile, wakatulia.

Nimewafurahia panya wako. Mama, tangu tumzike Baba, hapati usingizi. Kila pikipiki ikisimama nje huuliza kama ni wewe umemletea chupa yake.

Dada yako,
Kanze