Kiti cha Julienne

Élisabethville, Katuba, tarehe 3 Machi 1957

Kwa Mama yangu mzazi, Mama Bwalya, Lukafu

Mama yangu,

Nakusalimu kwa mikono miwili, nimeinamisha kichwa jinsi ulivyonifundisha. Umeamkaje huko? Mahindi mabichi mmeanza kuyala? Yule mbuzi mwenye sikio moja bado anaingia jikoni? Clément aliniandikia kabla ya Noeli kwamba siku hizi asubuhi unashika ukuta kabla ya kusimama, na kwamba mto umekuwa mbali kwako ingawa haujahama. Maneno hayo nimeyasoma mara nyingi, na mbele utaelewa kwa nini.

Sisi huku tunaendelea. Mjukuu wako Brigitte amerudi shuleni kwa masista, anasuka nywele zake mwenyewe sasa, vibaya lakini anasuka. Mimi bado niko kwenye karakana ya useremala. Wewe Clément, mdogo wangu, unayesoma barua hii, soma polepole. Mama akikuambia uruke mahali, tafadhali usiruke.

Mama, mke wangu Julienne tulimzika tarehe ishirini Januari. Habari nilikutumia kwa dereva wa lori, nawe ukamrudisha na jibu. Alisimama mlangoni ameshika kofia, akaomba maji, akanywa, akaomba tena. Mwishowe akatoa maneno yako jinsi ulivyomkabidhi: kwamba utapigaje goti kwenye kaburi la mtu aliyekataa kukupigia goti. Sikukasirika. Nilimpa chakula akaenda zake, nami nikakaa uani mpaka Brigitte akaja kuniuliza kama naumwa. Maneno yale ni yako, lakini shamba lililoyaotesha nilililima mimi. Ndiyo maana naandika. Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka tutamaliza matanga. Itasomwa misa, kisha tutakwenda kaburini. Mahali pa mama mkwe pasipokuwa na mtu, kila mmoja atasoma maana yake, na Brigitte atakua nayo.

Unakumbuka mwaka wa 1931 nilipomleta kwako? Alikupigia magoti kwenye mlango wa jiko, mtungi wa maji ukiwa bado kichwani, na hakumwaga hata tone. Ukamwambia jirani kwamba msichana huyu ana magoti ya mafuta. Julienne aliyatunza maneno hayo miaka yote. Hata mara ya mwisho tulipokuja nyumbani, mwaka wa 1948, alikusalimu vile vile. Kwa hiyo najua ulivyoshangaa ulipokuja huku ukakuta mwanamke anayekupokea amesimama wima kama polisi wa barabarani. Ukasema nyumba ya matofali imempanda kichwani.

Ngoja nikuambie habari za nyumba hiyo. Tulipopewa kiwanja mwaka wa 1950, mimi nilikuwa kazini tangu asubuhi mpaka jioni. Matofali aliyafyatua yeye. Tangu Mei mpaka Septemba alikuwa amepiga magoti kwenye udongo uliolowa, anajaza kibao, anakipindua, anasogea, anajaza tena. Kila jioni nilikuta safu mpya zimeanikwa, nami nikazihesabu kwa furaha kama mtu anayehesabu kuku wake. Sikuyahesabu magoti. Nyumba ile uliyoisifu, Mama, ukagonga ukuta wake kwa kiganja ukasema mwanangu amejenga, ilitoka kwenye magoti yale.

Baridi ya Juni mwaka wa 1952 ndipo tulipojua kuna jambo. Asubuhi alikaa kwanza ukingoni mwa kitanda, akikunjua miguu kidogo kidogo kama mtu anayekunjua karatasi iliyolowa. Ukiweka mkono juu ya goti lake ulisikia kama mchanga unasagika ndani. Alizoea kucheka mambo yake kabla watu wengine hawajayacheka, basi goti la kulia akaliita Kapita, kwa sababu kama msimamizi wa kazi ndilo lililoamua kazi iishe saa ngapi, na la kushoto akaliita Polisi, kwa kuwa lilimkamata njiani bila kosa. Nilipomuuliza ameamkaje, alijibu kwamba yeye ameamka, tunamsubiri Kapita.

Tulikwenda dispanseri. Munganga alimkunja mguu, akaukunjua, akasema ile sehemu laini inayotenganisha mfupa na mfupa imelika, sasa mifupa inasuguana. Akampa vidonge na dawa ya kuchua. Alisema si ugonjwa wa kuua, wala si wa kupona. Akamkataza kupiga magoti, kuchuchumaa, kuinama sana na kubeba mizigo. Julienne alirudi nyumbani akimwambia jirani yetu Alima kwamba munganga amemkataza kuwa mwanamke.

Ulimjua mkono wake shambani. Zamani jua lilikuwa halijawa kali naye ameshapiga matuta kumi ya viazi. Yakawa sita. Yakawa matatu, na kati ya moja na jingine anasimama ameegemea jembe, anatazama mbali kama mtu anayengoja mgeni. Nilimchongea mpini mrefu ili asiiname. Wanawake wenzake wakamwuliza kama ameandikwa kazi ya kutengeneza barabara. Kutwanga akaacha, tukaanza kupeleka mahindi kwenye mashine. Munkoyo wake wa mahindi, ambao watu walikuwa wanangoja kuunywa Jumapili wakitoka misa, aliupika mara moja kwa mwezi, kisha akaacha, kwa sababu hakuweza kuinua chungu. Hakunung'unika. Lakini siku moja nilimkuta anaosha chungu kile kitupu, kisafi tayari, anakiosha.

Kilichomuumiza zaidi hakikuwa kazi. Wanawake huketi kwenye mkeka, Mama, wewe unajua, na habari zote za dunia zinapita pale chini. Yeye akishuka mkekani hakuweza kuinuka mpaka ashikwe mikono. Akaona aibu, akaanza kutokwenda. Basi nikamtengenezea kiti, kile cha mti wa mulombwa, kirefu kidogo, bila mgongo, chepesi aweze kukibeba kwa mkono mmoja. Akaenda nacho. Wakamwita Madame Kiti. Walisema tupishe njia, Madame Kiti anapita, labda anataka na chai. Alima, ambaye watu wake ni wa Maniema na ulimi wake hauogopi mtu, akawajibu kwamba heri Madame Kiti kuliko Madame Kinywa. Wakacheka, na wengine wakakoma. Kanisani pia, wakati watu wote wanapiga magoti, yeye alibaki ameketi, na katekista alimtazama kila Jumapili kama mtu anayetazama dirisha lililovunjika.

Ndipo ukaja wewe, Julai 1955.

Siku tatu kabla hujafika, Julienne aliniomba jambo. Aliomba nisikuambie habari za magoti. Nilimwambia Mama ni mtu wa huruma. Akanikumbusha shangazi yake, aliyerudishwa kwao na kapu moja siku aliposhindwa kutwanga. Akanikumbusha kwamba yeye alinizalia mtoto mmoja tu, tena kwa kuchelewa, na kwamba wewe uliwahi kusema mwanamume wa mtoto mmoja ni kama nyumba ya nguzo moja. Mwenye kiburi husemwa, akaniambia, lakini aliyeharibika hurudishwa. Alichagua kusemwa. Nami nikakubali, Mama. Nikajidanganya kwamba namtunzia siri yake. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekuandikia barua nyingi za kujisifu, za nyumba, za mke hodari, na nikaona haya kuzifuta.

Ulimkuta amesimama. Ulipoketi mkekani, yeye akaketi juu ya kiti, kichwa chake juu ya kichwa cha mama mkwe. Ukaonja bukari ukasema huu ni unga wa mashine. Uliniuliza mbele yake ni nani aliyemnunulia kiti, nami nikatazama bakuli la mboga ya sombe. Kile kiti nilikipiga randa kwa mikono yangu nikimfikiria yeye, na siku ile nikakikana. Siku ya tatu ukauliza kama mke wangu huyu alizaliwa bila magoti. Hapo nilifanya nini? Nilimwamuru apige goti. Nilipaza sauti ili unisikie. Akaweka kiganja ukutani, akaanza kushuka, nikaona jasho kwenye mdomo wake wa juu, na ilikuwa Julai, kuna baridi. Wewe ukasema aache, hutaki heshima ya kulazimishwa. Kesho yake ukafunga mzigo.

Sasa, Clément, soma vizuri hapa.

Mama, asubuhi ile uliyoondoka, mimi na wewe tulitangulia na mzigo wako juu ya kinga, baiskeli yangu. Julienne alisema atabaki. Ulipokwisha kupandishwa juu ya lori, ukaketi juu ya magunia unatazama mbele, njia ya kwenu, nilimwona anakuja. Alikuwa ametembea njia yote kutoka Katuba kwa miguu ile, ameshika kikapu cha karanga zako, na Alima yuko nyuma yake. Dereva alikuwa ameshawasha injini. Julienne aliona kwamba hatafika ubavuni. Akaweka kikapu chini, palepale penye changarawe, mbele ya wachuuzi na wapagazi, akapiga magoti yote mawili. Akapiga makofi matatu, taratibu, jinsi mnavyofanya kwenu. Injini ilikuwa inanguruma, hukusikia.

Mimi nilikuwa nimesimama kati yenu. Ningesema neno moja tu, Mama, geuka. Sauti nilikuwa nayo, maana juzi yake nilikuwa nimemkaripia nayo. Sikusema. Watu walikuwa wanatazama, nami nilijua kinachofuata baada ya kupiga magoti ni kuinuka, na kuinuka peke yake hawezi. Sikutaka uone. Sikutaka wao waone kwamba ni mke wangu. Lori likaondoka. Alima na mwanamke mmoja muuza karanga wakamshika makwapa wakamwinua, na mimi nilikuwa nakaza kamba ya kinga, kamba ambayo haikuwa imefunga kitu.

Njiani aliniuliza kama ulimwona. Nikamwambia ndiyo. Nikaongeza kwamba uligeuka, ukaitikia kwa kichwa.

Laiti ningejua uongo ule utaishi muda mrefu kuliko yeye. Alifurahi, Mama. Alikaa wiki mbili hawezi kwenda hata bombani, na alifurahi. Akawa anamsimulia Brigitte jinsi bibi alivyoitikia kwa kichwa kutoka juu ya magunia. Kila tuliposema jina lako alitikisa kichwa kidogo, hivi, kukuigiza. Nilikuwa na mwaka mmoja na nusu wa kukuandikia. Nilikuandikia habari za mvua.

Januari wanawake walikuwa shambani mvua kubwa ikawakuta. Wote wakakimbilia kwenye banda la tanuri la matofali. Yeye hakuweza kukimbia. Alima aliacha kukimbia akatembea naye, wakalowa wote wawili. Alima alipata mafua. Julienne mapafu yake yakashikwa, na siku ya tano akatutoka hospitalini. Sisemi magoti ndiyo yaliyomuua. Nasema yalimchelewesha. Siku ya nne aliniambia, kwa sauti ndogo, kwamba ni vizuri mama alimwona siku ile ya lori, la sivyo angekwenda na deni la heshima. Nikamwambia apumzike. Hata hapo sikusema.

Sasa nimekuambia wewe. Kiburi kilikuwepo katika nyumba ile, Mama, ila ulikosea mtu.

Kwa hiyo nakuomba uje. Clément akusindikize, dereva atakuketisha mbele karibu naye, nimeshasema naye. Wala hutapiga goti kaburini. Clément amenieleza habari za ukuta, nami najua ugonjwa huo unavyoanza. Kile kiti nimekitunza, nimekipaka mafuta. Nitakibeba mwenyewe mpaka makaburini, watu wote wanione nimekibeba, na nitasema nani alikitengeneza na kwa nini. Utaketi. Na ukiwa umeketi pale nakuomba kitu kimoja tu, hata kama hutasema neno: itikia kwa kichwa, ili lile nililomwambia liwe kweli.

Nisalimie jirani yako Mwape na nyumba yake, na wale wanawake wa kisimani waliosikia habari za Julienne kutoka kwako. Wakikubali, Clément awasomee na wao. Brigitte anakusalimu, ameweka kando karanga zako. Wewe Clément, mchue Mama goti kwa mafuta ya moto jioni, si asubuhi, Julienne alisema jioni inasaidia zaidi.

Ukisali, tafadhali utaje jina lake kwanza, na baada yake unikumbuke na mimi.

Mwanao,
Constantin