Vituo Alivyochagua Baba

Jumatatu, 14 Agosti 2017

Nitaandika yote, na yatakayonifedhehesha sitayaruka. Nimeahidi. Mwalimu Hosiyat aliponipa daftari hili kule Kokand alisema vituo vya metro ya Tashkent, treni za chini ya ardhi, ni vizuri kuliko majumba ya wafalme, lakini askari hawaruhusu picha. Kwa hiyo nitazame vizuri, kisha niandike.

Basi. Nimekuja kuona vituo, na nimekuja kumwona Baba. La pili ndilo kubwa. Nimefaulu mtihani wa kuingia liseo, shule ya sekondari ya juu, hapa mjini — wa nne kati ya mia mbili na kumi! — lakini mtoto wa mkoani hapokelewi mpaka asajiliwe kwenye nyumba ya mzazi anayeishi Tashkent. Karatasi inatakiwa Jumatatu ijayo. Kila mtu mzima wa nyumba hiyo lazima atie saini. Katika nyumba ya Baba watu wazima ni wawili, yeye na mkewe Lobar. Lobar hajui kama mimi nipo duniani. Baba alipomwoa alisema hana mtoto.

Leo saa saba mchana nimeonana naye kituo cha Paxtakor. Ni yeye aliyechagua. Kwenye simu alisema juu kuna joto, chini kuna hewa. Mara ya mwisho kumwona nilikuwa na miaka tisa, nami nikaogopa sitamjua. Nilimjua kwa mwendo. Alinibusu kichwani, akasema nimekuwa mrefu kama mnara, halafu akatazama nyuma yake.

Kuta za Paxtakor zimejaa maua ya pamba, vipande vidogo vidogo vya rangi, yanang'aa. Pamba ya ukutani haichomi vidole. Kila vuli Mama hupelekwa shambani na wenzake wa kiwandani, na hurudi mikono imechanika hata hawezi kushika sindano. Nilimwambia Baba hivyo. Alisema, "Mama yako hajambo?" Nikasema hajambo.

Karatasi aliisoma yote, ameniridhisha. "Saini nitaipata, mwanangu. Nipe siku mbili. Jambo hili linataka saa yake." Tulikaa dakika kumi na tano. Treni sita zilipita.

Nilipomsimulia Mama mkubwa Mukarram, ninayelala kwake, aliendelea kumenya karoti. Yeye amepanga chumba kimoja tu na usajili wake mwenyewe ni wa mashaka, hawezi kunisaidia. Alisema, "Kwetu hata adui akibisha hodi hupewa chai. Wewe baba yako kakupa treni."

Nilikasirika. Siku mbili si nyingi.

Jumatano, 16 Agosti

Kosmonavtlar. Amechelewa dakika arobaini. Sikujali sana, maana kituo hiki sijaona mfano wake. Kuta zinaanza na buluu ya asubuhi, zinakwenda zikiiva mpaka nyeusi, na ndani ya miviringo mikubwa wanaelea wanaanga. Mmoja ni mwanamke. Nilisimama mbele yake muda wote.

Nilimletea Baba mkate. Mama aliuoka mwenyewe usiku wa kuamkia safari yangu, mkate wa siagi wa Kokand, katikati amepiga muhuri wa miiba wa kupambia mikate, wa marehemu bibi. Hakusema ni wa kumpa nani, alisema tu, "Usiende mikono mitupu." Baba aliunusa. Macho yalimlegea, nikaona kweli anaukumbuka. Akamega kipande, akala amesimama, makombo akayadaka kwa kiganja. Kisha akaufunga tena kwenye kitambaa, akanirudishia.

"Siwezi kuupeleka nyumbani. Mkate wa Kokand unajulikana kwa sura. Ataniuliza umetoka wapi."

"Useme umenunua sokoni."

"Muhuri huu haununuliwi sokoni, mwanangu."

Saini bado. Lobar ana mimba ya miezi saba, daktari amesema asishtuliwe. Niliitikia kwa kichwa kama mtu mzima. Nikamuuliza kama mtoto ni wa kiume au wa kike. "Wa kike," akasema, na akatabasamu kabla hajajizuia.

Tukapanda treni mpaka mwisho wa reli, tukarudi. Ukilipa mara moja unazunguka kutwa, mradi usitoke nje. Baba alisema hivyo kama ni neema. Sisi bado hatujaonana juani.

Ijumaa saa saba, kituo cha Bodomzor. Ameapa. Amesema pia nisimtumie ujumbe baada ya saa kumi na mbili jioni, akishafika nyumbani.

Ijumaa, 18 Agosti

Hakuja.

Nilikaa kwenye benchi la mawe kuanzia saa saba kasorobo mpaka saa tisa na nusu. Taa za Bodomzor zinafanana na maua. Mengine sikutazama.

Askari akaja. Nilikuwa naandika.

"Mdogo wangu, unachora kituo?"

"Naandika, kaka."

"Unaandika nini saa mbili nzima?"

Nikampa daftari, ningefanyaje. Alisoma kurasa mbili akiwa amesimama, anasogeza midomo. Nilitamani reli inimeze. Akalifunga taratibu, akanirudishia kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa.

"Mwandiko wako mzuri," akasema. Halafu, "Leo ndiyo saa saba aliyosema?"

"Ndiyo."

Akatazama saa ya ukutani. Alisema kule juu, karibu na ngazi, kuna mwanamke anauza maji baridi, nimwambie nimetumwa na Jasur. Sikwenda. Lakini naandika jina lake.

Jumamosi, 19 Agosti. Saa tisa alasiri

Naandika haraka.

Asubuhi Mama alipiga simu. Sikumwambia kitu. Nikatoka kwenda kuona vituo vilivyobaki, peke yangu. Nilijiambia, kama liseo limenikosa, angalau vituo nivione. Nilipanda treni ya kwenda Chilonzor, nikapata nafasi ya kukaa. Kituo kilichofuata mlango ulifunguka akaingia mwanamke mjamzito na mfuko wa tikiti maji. Nikasimama. Mwili ulisimama wenyewe, ndivyo tulivyolelewa. Nyuma yake akaingia Baba.

"Kaa, binti, mimi sifiki mbali," alisema yule mwanamke.

"Keti wewe, dada. Mimi nimechoka kukaa."

Akacheka, akaketi, akapumua kwa nguvu. "Mungu akupe maisha marefu na mama mkwe mpole. Mtoto wa nani wewe?"

"Wa Saodat, fundi cherehani. Kokand."

Saodat ni jina la Mama. Baba alikuwa anasoma ramani ya njia juu ya mlango. Ina mistari mitatu tu. Aliisoma kama mkataba.

"Na baba yako?"

Nilimpa nafasi. Nilihesabu moyoni mpaka tano. Treni ilikuwa inapiga kelele, labda hakusikia. Alisikia. Shingo yake ilikuwa nyekundu.

"Anafanya kazi mbali," nikasema.

"Urusi?"

"Mbali tu."

"Maskini. Umesikia, bwana? Angalia mtoto alivyolelewa. Huyu wetu akiwa nusu yake nitashukuru." Akanishika mkono. Mkono wake una joto, na hauna kosa lolote. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilikuja na chuki yangu imekwisha pangwa na sasa sina pa kuiweka.

Akasema kesho wana wageni, anapika pilau, nije nile, mtoto hawezi kuzurura mjini bila mwenyeji.

"Mwache," alisema Baba. Ndilo neno lake la kwanza. "Ana shughuli zake."

"Shughuli gani Jumapili? Mtu anakaribishwa, wewe unamfukuza! Joto limekuharibu." Akanigeukia. "Usimjali, ndivyo alivyo. Jengo la kumi na nne, nyuma ya soko la Chilonzor, mlango wa pili, ghorofa ya tatu. Saa sita. Sema umekuja kwa Lobar."

Walishuka. Baba alibeba tikiti maji. Hakugeuka.

Mama mkubwa anasema nisiende, nitaua mimba ya watu. Baada ya dakika akasema niende na nivae gauni la bluu. Sasa amenipa simu yake. Nina saa tatu kabla ya saa kumi na mbili. Naandika ujumbe hapa kwanza, nisikosee:

Baba, hujambo. Mkeo amenikaribisha kwa moyo safi, na mwaliko kama huo haukataliwi, kwa hiyo kesho saa sita nitakuja. Karatasi nitakuwa nayo, inahitaji saini zenu wote wawili. Sitalia wala sitamwaibisha mtu. Nakuomba unijibu leo hii neno moja tu: akinikalisha mezani akaniuliza tena baba yangu ni nani, utamjibu wewe, au nimjibu mimi?