Dubu Wako Kwenye Albamu ya Mama

Mdogo wangu mpendwa, kitinda mimba wa mama,

Nimeketi mlangoni pa duka langu hapa Misiera, kambini Nakivale, vitenge vimening'inia nyuma yangu, wateja hawaonekani, na nimeona nikuandikie wewe uliye Kanada kuhusu dubu wako. Kwenye simu tunalia tu, kisha mtandao unakatika.

Unakumbuka viboko wetu? Jumapili baada ya ibada ulitundika kamera begani, nami nikakufuata ziwani Nakivale nikiwa na viatu mkononi kwa ajili ya matope. Ulikaa kimya kwenye matete mpaka miguu yangu ikafa ganzi, na ulipopiga, kiboko alikuwa kitu kidogo tu mbele ya maji na vilima. Nilikucheka sana. "Sasa huyu ni kiboko ao ni jiwe?" Ukanijibu bila kugeuka, "Dada, mimi sipige kiboko peke yake. Napiga kiboko na kwake."

Mama alikuelewa kabla yangu. Kwenye studio yako ya mabati uliwapiga picha watu wote mbele ya lile shuka la buluu, yeye pia, na siku uliyomwonyesha picha za ziwani alizitazama kwa muda mrefu. "Na mimi unipigeko hivi siku moja," akasema, "na shamba yangu." Ukamwambia, "Ngoja kwanza mvua inyeshe, mama. Shamba ikuwe kijani." Ndivyo ulivyo, unataka kila kitu kipendeze kwanza. Mvua ilichelewa, safari yako ya Kanada ikatangulia. Ulipanda basi shamba likiwa vumbi tupu.

Ukaanza kututumia dubu kwenye simu. Kila nilipokwenda Mbarara kununua vitenge nilizisafisha zile picha, na mama akazipanga kwenye albamu. Unajua kwetu mgeni akiingia anakabidhiwa albamu kabla hata chai haijachemka. Basi badala ya harusi na ubatizo akakutana na msitu. "Hii nyama gani? Imbwa?" wageni wakauliza, wakimnyooshea mnyama kidole. Mama aliwajua dubu kwa mahubiri tu, wale waliorarua watoto waliocheka kipara cha nabii, kwa hiyo aliwaeleza kwa madaha kwamba mtoto wake hana shida nao kwa sababu amelelewa vizuri, hacheki watu. Lakini akisali, aliwaombea dubu washibe.

Kuna siku yule bwana anayesafisha picha Mbarara alinionea huruma. "Nyabo, hii mnyama ilikuwa mbali sana," akaniambia. "Mimi nimevuta karibu, sasa inaonekana muzuri." Kweli, dubu alijaa karatasi nzima, pua na masikio, nami nikafurahi. Mama aliipokea, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele. "Fasi yake iko wapi?" akauliza, akiutafuta msitu pembeni mwa karatasi. "Bamekata fasi yake. Nyama bila fasi yake njo kama siye kwa karti ya bakimbizi, sura tu." Nikairudisha Mbarara, na yule bwana akanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa.

Aliyoipenda kuliko zote ni ile uliyotaka kuifuta. Mto, mawe, nyasi zilizolala, dubu hayupo. Uliandika chini yake, "Ametoka kupita hapa. Nimechelewa kidogo." Mama aliwaonyesha wageni kwa kidole pale nyasi zilipolala. "Alikuwa hapa," akawaambia, nao wakaitikia, ingawa wengine macho yalikuwa kwenye sufuria.

Nilijaribu mara nyingi kumpiga picha shambani kwa simu yangu. Alijifunika uso. "Acha. Mupiga picha wangu atakuya." Kitenge cha siku hiyo alikuwa amekwisha kukichagua dukani kwangu, cha manjano, akakificha sandukuni. Tumemzika nacho.

Siku ya mazishi tulitafuta picha ya kubeba mbele ya jeneza, tukapata ile ya shuka la buluu, uso peke yake. Nilikukasirikia, mdogo wangu. Nilijisemea, mvua gani hiyo ya kungojwa namna ile? Hasira imeisha. Majuto ndiyo yamebaki, na najua yako ni makubwa kuliko yangu, kwa hiyo sitakuongezea.

Sasa mvua imenyesha. Mahindi aliyoyapanda mama mwenyewe yamenifika kifuani, shamba ni kijani mpaka linatia uchungu. Nilisimama pale ambapo wewe ungesimama, nikarudi nyuma, nikarudi tena, mpaka vilima vyote vikaingia, na ziwa kidogo pembeni, nikapiga picha. Nimeisafisha Mbarara na kumwambia yule bwana asikate kitu.

Kaa salama huko, na dubu wako washibe. Picha nimeiweka pamoja na barua hii. Tazama katikati, kwenye kile kijia cha mama kati ya mistari ya mahindi.

Ametoka kupita hapa. Tumechelewa kidogo.

Dada yako, wa Misiera