Alama Ndani ya Kola

Jumamosi, 11 Oktoba 1958

Kesho naoa. Baba kaleta shati mwenyewe, kupitia mlango wa nyuma. Kalipiga pasi mara mbili. Hakutaka kuketi. Nikamuuliza kesho atakaa wapi. "Popote penye kiti, mwanangu. Wewe usinitazame sana, basi."

Kwenye karatasi za serikali mimi ni mtoto wa Bwana Lew, muuza dawa za mizizi za Kichina. Miaka sita sasa, tangu niingie San Francisco kwa nafasi ya mwanawe aliyeandikishwa serikalini ila hakuwahi kuzaliwa. Baba yangu ni Hom Bing, dobi, na hakuwa na ruhusa ya kuleta mtoto. Nikakariri nyumba ya watu ili nijibu maswali bandarini: ngazi ngapi, kisima upande gani, bibi alizikwa wapi. Wakijua, tunarudishwa sote.

Hata Ruby hajui. Daftari hili linalala chini ya pipa la mchele.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimeoa. Naona haya kuandika.

Chai ya wazazi — tulipiga magoti, Ruby na mimi, mbele ya Bwana Lew na mkewe. Nikamshikia kikombe kwa mikono miwili. "Baba, kunywa chai." Sauti haikutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo linaloniumiza. Baba alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na makoti ya wageni.

Mkataa kwao mtumwa, walisema. Mimi nimekataa kwa magoti.

Kwenye karamu walimweka meza ya mlango wa jikoni, wahudumu wanampita na sahani za samaki. Tulipofika kunywa na wageni wa meza ile, akainuka. Mzee mzima, akaninamia! Akasema ananitakia watoto wengi, bwana harusi. Nikamjibu, asante kwa kuja, Mzee Hom.

Ruby aliuliza njiani, yule mzee ni nani, mbona anakukodolea macho hivyo.

"Ananifulia mashati," nikasema.

Jumanne, 14 Oktoba

Sikula.

Jumatano, 15 Oktoba

Leo ndiyo nimekoma.

Madobi wa kwetu huweka alama ya mteja kwa wino, ndani ya kola, nguo zisipotee. Sikuitazama kola ya shati la harusi. Ruby kaiona wakati anatenga nguo chafu. Kazaliwa hapa hapa, maandishi yetu hayajui, akampelekea mama yake.

Mama mkwe kasoma mara moja. "Hii ni Hom. Mumeo kaoa amevaa shati la mtu! Mkosi gani huu?"

Kumbe siku nzima ile, nikipiga magoti kwa Lew, jina la baba lilikuwa shingoni mwangu. Kaliandika kwa makusudi. Najua. Kwa miaka arobaini hajachanganya hata soksi.

Ruby hakunisubiri. Kalirudisha dukani kwa baba, kaliweka juu ya meza, kamwambia, "Si la mume wangu."

Nikauliza, yeye kasemaje?

"Kaomba radhi, masikini. Kasema macho yamezeeka. Ataitoa hiyo alama, aweke ya Lew. Tulifuate Jumamosi." Kisha akaongeza, "Nilimsema kwa ukali kidogo. Nimejisikia vibaya."

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Nikasema wali umeungua.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimeamka kabla ya Ruby. Nimechemsha chai, ile nzuri tuliyopewa harusini. Nimeitia kwenye chupa. Vikombe viwili vyekundu vya harusi nimevifunga kwenye taulo. Nitaingia dukani kwake kabla wateja hawajaanza kuja, nitafunga mlango, nitapiga magoti pale pale sakafuni. Baba, kunywa chai. Neno hilo nimelifanyia mazoezi bafuni. Hapa ndipo sauti inatetemeka!

Alama ile nataka nimkute hajaitoa.

Ruby kaamka. Kasimama mlangoni na koti lake tayari, anataka twende wote akamwombe mzee msamaha. Kaiona chupa. Kalifungua taulo, kavitazama vikombe vyetu, kanitazama mimi.

"Chai hii unampelekea nani?"

Nimemwambia angoje nimalize mstari huu. Bado amesimama. Anauliza tangu lini naandika daftari.